Mtoto kavimba mdomo baada ya uji wa lishe, niache vyakula vyote?

SWALI

Habari dada, pole na majukumu. Mimi ni mama wa mtoto wa kiume ana mwaka na miezi minne, naishi Mbagala. Mwanangu alikuwa anakula vizuri tu ila uzito haupandi, kliniki wakaniambia nimboreshee chakula, basi jirani akanielekeza sehemu wanauza unga wa lishe wa kupima nikanunua kilo moja. Nimempa asubuhi, kikombe hata hakijaisha naona anajikuna shingo, mara mdomo wa juu umevimba, macho nayo yanaziba, mwili mzima mabaka mekundu yamenyanyuka, akatapika uji wote af akawa anakohoa kohoa. Yaani ilikuwa haraka mnoo, robo saa haijafika. Tukakimbilia zahanati wakamchoma sindano wakanipa na piritoni ya maji, jioni akawa anacheza kama kawaida.

Sasa hapa nyumbani kila mtu ana lake. Wifi anasema ni mchango. Jirani mwingine anasema unga una sumukuvu. Mama mkwe anasema nimpe kidogo kidogo mwili uzoee mana hata mume wangu utotoni alikuwa hivo hivo akazoea. Mimi nimeogopa nimeacha kila kitu, saivi namlisha wali mweupe na ndizi tu. Zamani alikuwa anakula ugali, wali, chapati, chai ya maziwa, supu ya dagaa, maharage, yai, vyote bila shida. Ila kuna siku kwa mama mkwe alilambishwa mchicha wa karanga akatokwa vipele kuzunguka mdomo tukajua mbu. Toka mdogo ana pumu ya ngozi kwenye mikunjo ya viwiko. Halafu nina mimba ya miezi mitano, je na mimi niache karanga? Nikimpima aleji itaonekana? Naomba usinipite dada yangu.

Mama wa Mbagala

JIBU

Pole sana mdogo wangu, na hongera kwa kukimbia naye zahanati pale pale bila kusubiri kuambiwa na mtu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja na nianze na lile ambalo nataka ulijue kabla ya yote: hicho kilichomtokea mwanao hakikuwa kipele cha kawaida. Mtoto akitoka mabaka mwilini halafu papo hapo akatapika, akakohoa, ina maana mwili umeguswa sehemu zaidi ya moja kwa wakati mmoja, ngozi, tumbo na njia ya hewa, na madaktari huo wanauita mzio mkali. Kwamba jioni alikuwa anacheza tunamshukuru Mungu, ila isikufanye uone lilikuwa jambo dogo, mana mara ya pili inaweza kuwa kama ya kwanza, inaweza kuwa ndogo, na inaweza kuwa mbaya zaidi, hakuna anayeweza kukuambia itakuwaje.

Sasa twende kwenye huo unga. Shida ya unga wa lishe wa kupima ni kwamba ndani mna vitu vingi mno na mtoto anavikuta vyote siku moja. Mahindi, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, wengine wanaweka mbegu za maboga, wengine korosho, wengine dagaa na maziwa ya unga, na ukimuuliza muuzaji anakwambia "vimo vyote mama". Mtoto akidhurika hujui umshike nani. Lakini wewe umeniandikia kitu muhimu sana pengine bila kujua, umenitajia alivyokwisha kula bila shida. Ugali ameshakula, kwa hiyo mahindi hayana kesi. Wali, mchele umetoka. Chapati, ngano imetoka. Chai ya maziwa na supu ya dagaa, hivyo navyo vimetoka. Wanaobaki ni karanga, soya, ulezi, mbegu za maboga na korosho kama zilikuwemo. Halafu kuna ule mchicha wa kwa mama mkwe, ambao hauna soya wala korosho, una karanga, na vipele vilizunguka mdomo pale pale chakula kilipogusa. Mbu hachagui kuzunguka mdomo tu. Mimi nikiunganisha hivyo vitu viwili, karanga ndiyo naishuku kuliko vyote, na ndivyo ninavyotaka ukamwelezee daktari, kwa mpangilio huo huo, chakula gani, baada ya dakika ngapi, kilianza nini kikafuata nini. Kama bado una ule unga uliobaki usiutupe, ufunge vizuri uweke mbali na mtoto uende nao, na urudi kwa muuzaji umuulize taratibu kimoja kimoja bila kugombana naye. Na siku nyingine chochote kikitokea kwenye ngozi piga picha kwa simu, mana mabaka ya aina hiyo yana tabia ya kupotea kabla hujafika kwa daktari, ukabaki unaeleza kwa mikono.

Kuhusu mchango na sumukuvu. Sumukuvu ni kweli ipo na ni hatari, ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, kule Kenya mwaka 2004 iliua 125 maeneo ya Ukambani kwa mahindi. Lakini sumukuvu haivimbishi mdomo wa mtoto ndani ya robo saa. Yenyewe inakwenda kwenye ini, macho yanakuwa ya njano, tumbo linajaa, mtu anatapika na kudhoofika kwa siku kadhaa, na mara nyingi wanaokula chungu kimoja wanaugua pamoja. Wewe mwenyewe bila shaka uliuonja huo uji na hukupata kitu. Mchango nao siwezi kumkatalia wifi yako uzoefu wake wa kulea, ila mchango hauleti mabaka ya kunyanyuka na macho kuziba. Mzio ni kinga ya mwili wa mtoto yenyewe kuiona protini ya karanga kama adui na kumwaga kemikali ya histamini na nyingine, ndizo zinazovimbisha, zinazowasha, zinazobana kifua, na kwa mzio wa aina hii inatokea ndani ya dakika chache, mara chache inafika masaa mawili.

Kwa mama mkwe hapa naomba uwe mpole lakini usilegeze hata kidogo. Nyumbani usimpe kidogo kidogo. Najua anasema kwa mapenzi na amelea wengi, na ni kweli pia kwamba ipo tiba hospitali kubwa za nje ambapo mtoto mwenye mzio anapewa chembe za karanga zilizopimwa kwa mizani ndogo na kuongezwa taratibu kwa miezi mingi, lakini pembeni yake yupo daktari na dawa ya dharura imeshaandaliwa. Kijiko cha mchicha jikoni Mbagala si hiyo tiba. Mwambie "mama, daktari amekataza mpaka apimwe", mama wengi wa umri wake wanaheshimu neno la daktari kuliko letu. Na mwambie pia mambo ya mume wako yanaweza kuwa kweli, mana mizio, pumu ya kifua na pumu ya ngozi vinatembea ndani ya familia, ila kila mtoto na njia yake. Takriban mtoto mmoja kati ya watano wenye mzio wa karanga unamwisha anavyokua, waliobaki wanakwenda nao ukubwani. Mzio wa yai na wa maziwa ndiyo unaoisha kwa watoto wengi.

Sindano waliyomchoma urudi zahanati uwaulize ilikuwa ni nini, waandike kwenye kadi yake ya kliniki. Nakwambia hivi kwa sababu dawa inayookoa maisha kwenye mzio mkali ni adrenalini, inachomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, inafungua njia ya hewa na kupandisha presha iliyoshuka, na ikibidi inarudiwa baada ya dakika tano mpaka kumi na tano. Piritoni inapunguza kuwashwa na mabaka, basi. Haifungui koo lililovimba, na tena inamlegeza mtoto usingizi mpaka unashindwa kujua amelala au amezidiwa. Kwa hiyo kuwa na piritoni kabatini sawa, kwa dozi aliyokuandikia daktari kulingana na umri na uzito, lakini isiwe sababu ya kukaa nyumbani kumwangalia ukiona dalili hizi ninazokuandikia: sauti imekauka au analia kwa sauti ya ajabu, anakohoa mfululizo, anakoroma au kifua kinapiga filimbi, anavuta pumzi mpaka mbavu zinaingia ndani, anatokwa udenda kwa kushindwa kumeza, ulimi umevimba, anatapika tena na tena, amepauka, analegea kama kitambaa. Hata moja tu kati ya hizo baada ya kula ni hospitali, saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Na njiani kuna namna ya kumbeba. Chukua bajaji au gari, bodaboda hapana, mana kwenye boda utamshika wima na hutamwona uso. Mlaze mapajani kwako, miguu iwe juu kidogo. Kama anahangaika kupumua mwache akae anavyojisikia ila usimsimamishe wala kumtembeza tembeza, presha ikiwa chini mtoto akiinuliwa ghafla anaweza kuzimia. Kama anatapika mlaze kiubavu. Usimtapishe kwa kidole, usimpe maziwa wala mafuta wala maji ya mkaa, mtu aliyevimba koo ukimnywesha kitu unaweza kumpalia. Na ukifika ukapewa huduma akapata nafuu usiombe kuondoka haraka, mana kuna watoto dalili zinarudi baada ya masaa kadhaa wakati mama yuko nyumbani anapika, ndo maana wanamshikilia wamwangalie.

Sasa chakula. Mdogo wangu, wali mweupe na ndizi haviwezi kumpandisha uzito mtoto ambaye tayari uzito unasumbua, na hapa ndipo ninapoona hatari ya pili ambayo haina kelele. Vile vyote alivyokuwa anakula bila shida mrudishie, leo. Yai mrudishie. Tena yai ukimnyima kwa muda mrefu mtoto mwenye pumu ya ngozi unaweza kukuta siku unamrudishia mwili umeshabadilika nalo, chakula ambacho mtoto anakivumilia kinatakiwa kiendelee kuliwa. Maharage pia. Watu wengi wakisikia karanga ni jamii ya kunde wanafuta maharage, choroko, kunde na soya vyote, wakati watoto wengi wenye mzio wa karanga wanakula hivyo bila tatizo, na yako maharage umeshasema anakula. Soya tu isubiri, kwa sababu ilikuwemo kwenye ule unga na hatuna ushahidi wa kuitoa, na korosho pia isubiri, ni kali kwa wenye mzio nayo.

Uji usiuache, badilisha tu. Unga wa nafaka moja, mahindi ambayo unajua hayana kesi, upike na maziwa, uongeze kijiko cha mafuta ya kula au uponde parachichi ndani. Mafuta ya alizeti ni sawa, ila ya karanga yale yanayokamuliwa kienyeji yanabaki na protini ya karanga, yaepuke. Dagaa wakaushe vizuri usage unga wao uwe unanyunyizia kwenye mboga. Ulezi ukitaka kumrudishia mwulize daktari kwanza kwa vile nao ulikuwa kwenye ule unga.

Lakini kuna kitu kuhusu huo unga wa nafaka moja ambacho naomba ukikazie kuliko hayo mengine yote, ni mashine ya kusaga. Unaweza kuchambua mahindi yako vizuri, ukaosha ukaanika, ukayapeleka mashineni, na mama aliyekutangulia alisaga lishe yenye karanga. Ule unga wake haujatoka wote, umebaki kwenye kinu cha mashine na kwenye ule mfuko wa kitambaa unaokusanyia unga, karanga ina mafuta inaganda pembeni, na kilo yako ya kwanza inatoka imebeba karanga za mwenzio. Mtoto mwenye mzio mkali hahitaji nyingi. Tafuta mashine inayosaga mahindi ya ugali tu. Nyumbani hivyo hivyo, blenda iliyosaga karanga, kinu kilichotwanga karanga, mwiko wa mchicha wa karanga, vyote vioshwe kwa maji ya moto na sabuni, na kinu cha mbao chenye nyufa kitafutiwe mwenzie cha mtoto kama uwezo unaruhusu. Kisamvu, mchicha, mlenda, kabichi, kashata, biskuti za mtaani, siagi ya karanga kwenye mkate wa mtoto wa jirani, huko kote karanga zinaweza kuwemo. Dada wa kazi, watoto wakubwa wa nyumba, mtu wa deikea, mwalimu wa madrasa, wote waambiwe kwa maneno mafupi kwamba huyu karanga hata ya kulamba hapana, na anayekula karanga anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika. Kitakasa mikono hakitoi protini ya karanga, ni maji na sabuni.

Kupimwa itaonekana? Kuna kipimo cha ngozi, wanadondoshea tone la chakula husika kwenye mkono wanachoma kidogo wanaangalia kama panavimba ndani ya robo saa, na kuna kipimo cha damu cha kingamwili inayoitwa IgE. Vyote vizuri, lakini vinasaidia vikienda pamoja na historia kama hii yako. Kipimo kinaweza kusema ndiyo kwa chakula ambacho mtoto anakila kila siku bila shida, kwa hiyo mtu akikupimia vyakula arobaini akakuletea orodha ya kufuta nusu yake, usikubali kufuta chakula ambacho mtoto anakila salama. Na vile vipimo vya IgG vinavyotangazwa mitandaoni havionyeshi mzio, usipoteze hela yako. Omba rufaa kwa daktari bingwa wa watoto hospitali ya rufaa, mwulize na kuhusu adrenalini ya kukaa nayo nyumbani. Ile kalamu ya kujichoma ni bei na kwetu ni ngumu kuipata, kwa hiyo la msingi zaidi ujue kituo gani cha karibu yako kina adrenalini masaa 24. Nenda ukawaulize kabla hujawahitaji.

Tuje kwenye hiyo mimba, na hongera sana. Usiache karanga kwa ajili ya mtoto wa tumboni, haijaonekana kumkinga. Kama unazila, kula tu ila mbali na kaka yake. Na atakapozaliwa usimcheleweshee. Mwaka 2000 madaktari Marekani waliwaambia wazazi wenye historia ya mizio wasiwape watoto karanga mpaka miaka mitatu, mizio ya karanga haikupungua. Profesa Gideon Lack na wenzake wa London walishangaa kuona watoto wa Kiyahudi wanaokulia Uingereza wana mzio wa karanga karibu mara kumi kuliko wenzao wa Israeli, ambako watoto wadogo wanakula sana vitafunwa vya karanga. Wakachukua watoto 640 wa miezi 4 mpaka 11 wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa yai, nusu wakapewa karanga laini kila wiki, nusu wakanyimwa mpaka wakafika miaka mitano. Majibu yalitoka 2015: walionyimwa walipata mzio asilimia 17, waliokula asilimia 3 tu. Kwa hiyo huyo mdogo, akifika muda wa kuanza kula miezi sita na kama hana pumu kali ya ngozi, apewe karanga ya kusaga laini kabisa iliyochanganywa kwenye uji, chembe kwanza, mchana si usiku, siku ambayo ni mzima na mpo karibu na kituo cha afya. Akiwa na pumu kali ya ngozi daktari aamue kwanza. Karanga nzima nzima hapana, mtoto wa chini ya miaka mitano inampalia. Na kila chakula kipya kiingie peke yake, siku mbili tatu ndo kije kingine, usirudie kumkutanisha na vitu kumi siku moja.

Pumu ya ngozi ya huyu mkubwa nayo itibuni, msiizoee. Mpake mafuta mazito kama vaselini mara mbili tatu kwa siku, hasa akitoka kuoga kabla hajakauka vizuri, na dawa ya kupaka aliyoandikiwa. Ngozi iliyopasuka ni mlango ambao chembe za vyakula zinaingilia na mwili unajifunza kuvikataa.

SWALI

Dada mimi nipo Leicester, binti yangu miaka 2 ana aleji ya karanga na ufuta, hospitali wametupa kalamu mbili za kuchoma adrenalini, EpiPen ya watoto. Mwezi ujao tunaenda Zanzibar kwa babu yake mara ya kwanza, naogopa joto, naogopa chakula, naogopa shangazi zake ambao kila mtu atataka kumlisha.

JIBU

Mtafurahi inshallah, ila jipange. Kalamu zote mbili zikae pamoja na ziende popote mtoto anapokwenda, ndani ya ndege ziwe kwenye mkoba wako wa mkononi na barua ya daktari. Zinatakiwa zikae chini ya nyuzi joto 25, friji hapana na kwenye gari lililofungwa juani hapana kabisa, tafuta mfuko wa kutunza ubaridi lakini barafu isigusane nazo. Angalia kidirisha chake, dawa ikigeuka rangi haifai. Angalia na tarehe ya mwisho leo, si uwanja wa ndege.

Fundisha watu wawili wa nyumba ile siku ya kwanza mnapofika, kwa kalamu ya mazoezi isiyo na sindano ambayo unaweza kuiomba kabla ya safari. Unashika kwa ngumi, unatoa kifuniko cha bluu, unamshikilia mtoto mguu asirushe, ncha ya rangi ya chungwa unaisukuma paja la nje mpaka isikike, hata juu ya nguo, unahesabu taratibu mpaka tatu. Dakika tano hakuna nafuu, ya pili. Hata akipata nafuu mnaenda hospitali. Uliza mapema ni hospitali gani na umbali gani kutoka kwa babu, kama mpo shamba mbali na mjini hilo ndilo la kulifikiria zaidi.

Huko Uingereza ufuta na karanga vimo kwenye mizio 14 ambayo sheria inalazimisha vitajwe, huku usitegemee kutajiwa. Mkate wa ufuta jina limejitaja lenyewe, ila muokaji anayepaka ufuta mikate mingine anaipanga meza hiyo hiyo. Kashata, halua yenye ufuta au lozi, na mafuta ya kukaangia barabarani ambayo yamekaanga kila kitu, viepukeni. Kwa mashangazi, mume wako ndiye aongee nao kabla hamjafika maana ni dada zake, awaambie wampende mtoto kwa matunda anayoyajua, wakitaka kumlisha wamlishe chungwa na papai.

SWALI

Mwanza hapa. Mtoto wa mwaka na nusu aliharisha wiki nzima, toka hapo akinywa maziwa tumbo linajaa gesi na kuharisha. Hana vipele. Ni aleji ya maziwa? Nimhamishie ya mbuzi?

JIBU

Kwa unavyoeleza haionekani mzio, inaonekana utumbo umechubuka na ule kuhara kwa hiyo kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa kimepungua. Mara nyingi kinarudi chenyewe kwa wiki chache. Maziwa ya mbuzi yana sukari ile ile hayatasaidia, na kama ingekuwa mzio wa kweli pia yasingesaidia kwa sababu protini zake zinafanana sana na za ng'ombe. Jaribu mgando, wale bakteria wameshakula sehemu ya sukari, wengi wanauvumilia. Kama ananyonya aendelee. Ukiona damu kwenye choo, anatapika sana, macho yameingia ndani au uzito unashuka, mpeleke, na usisubiri wiki ziishe.

SWALI

Dada, niko Mombasa. Tulikula jodari wa kukaanga wote nyumbani, mtoto wa miaka mitatu akawa mwekundu uso na kujikuna, mimi na mume wangu pia tukaumwa kichwa na uso kuwaka moto. Je mtoto ana aleji ya samaki?

JIBU

Kwa sababu mliumwa wote watatu, ninamshuku samaki kabla ya kumshuku mtoto. Jodari, nguru na wenzao wakikaa juani bila barafu baada ya kuvuliwa, bakteria wanatengeneza histamini nyingi kwenye nyama, ile ile kemikali ya mzio, na ukimkaanga mpaka awe mkavu haitoki. Huwezi kumjua kwa kumwangalia tu, wengine wanasema alikuwa mkali ulimini kama pilipili. Kwa kawaida inapita ndani ya siku moja, ila akibanwa pumzi au kulegea ni hospitali kama nilivyoandika hapo juu. Mweleze daktari kwamba mliumwa wote kabla hajamwandikia mtoto mzio wa samaki maisha yake yote, na mpaka mumwone msimpe samaki kwanza. Mkiruhusiwa, nunueni kwa mchuuzi mnayemwona ana barafu tangu asubuhi, jodari wa saa kumi jioni aliyeshinda kwenye meza ya mbao mwacheni hata kama ameshushwa bei.